Kisima na Bastola: Picha ya Kauboi Mbele ya Watazamaji wa Kibakwe

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa letu, mara nyingi tunataja ngoma, mashairi, vinyago na hadithi za wazee, kisha tunanyamaza. Ni nadra sana kuzitaja picha za sinema zilizotengenezwa katika nchi za mbali, kana kwamba mtu anayezitazama hatoki na kitu chochote moyoni mwake. Hali sivyo ilivyo. Picha za kauboi zilikwisha kuingia nchini mwetu miaka mingi kabla ya uhuru. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na 1950 walikuwako vijana waliovaa na kutembea kwa mtindo wa makauboi, na wakuu wa serikali ya kikoloni wakalalamika kwamba sinema zinawafundisha uhuni. Huko Léopoldville, mji ambao sasa unaitwa Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 walijiita "Bill" kwa kumfuata Buffalo Bill, wakajitungia hata lugha yao wenyewe ya mitaani. Kitu kinachoweza kuvuka bahari na kubadili mavazi, mwendo na majina ya vijana hakistahili kupuuzwa na mhakiki.

Katika insha hii hatukusudii kuzihukumu picha zote za namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Tumechagua picha moja tu, tena ndogo na ya gharama hafifu, iliyotolewa Marekani mwaka 1933. Jina lake ni Riders of Destiny, ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulifasiri kuwa Wapanda Farasi wa Majaliwa. Iliongozwa na Robert N. Bradbury, na mchezaji wake mkuu ni John Wayne, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 26 na hajawa mtu mashuhuri. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni picha inayohusu maji na mifugo, mambo ambayo mtu wa Tanzania ya kati hahitaji kuelezwa uzito wake. Pili, tuliitazama Kibakwe.

Kibakwe ni tarafa iliyo kusini mwa mji wa Mpwapwa, mkoani Dodoma. Watu wake hulima na kufuga. Mvua huja kwa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na msimu huo ukiisha, kila ndoo ya maji ina historia yake. Tuliionyesha picha hii jioni moja ya kiangazi, kwa projekta ndogo na kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani, mbele ya wanafunzi na wazazi wao wachache. Mmoja wetu alisimama kando akifasiri maneno kadiri picha ilivyoendelea. Watazamaji walishangilia, walipiga makofi, na farasi walipoanguka walishika vichwa. Picha ilipokwisha tulimsikia kijana mmoja akisema kwamba huku kwetu nako anatakiwa mtu kama yule stelingi, aje siku moja tu ayamalize maneno haya. Wengi walicheka. Wengine hawakucheka, bali walitikisa vichwa kwa kuafiki, maana walijua ni maneno gani anayoyasema: ng'ombe shambani, shamba katika njia ya ng'ombe, na kisima kilichofungwa kwa miiba.

Insha hii imezaliwa na kauli ya kijana huyo. Tunajiuliza: je, picha hii imemfundisha nini juu ya ugomvi wa maji, na je, somo hilo ni la kweli?

Hadithi Yenyewe

Katika bonde moja kavu la magharibi ya Marekani, bwana mmoja aitwaye Kincaid amekwisha kuyatia mkononi maji yote. Wafugaji wadogo hawana budi kununua maji kwake kwa bei anayoitaka yeye, ama wahame na kumwachia ardhi. Amebaki mzee mmoja tu mwenye maji yake mwenyewe, naye ni Denton, ambaye ana kisima nyumbani kwake. Binti yake, Fay, amefikia hatua ya kuliteka gari la abiria linalovutwa na farasi, kwa uchungu wa dhuluma wanayotendewa.

Hapo ndipo anapotokea Sandy Saunders, mgeni mpanda farasi anayeimba nyimbo za huzuni. Hakuna anayejua kwamba yeye ni mjumbe wa siri aliyetumwa na serikali kutoka Washington. Sandy anajifanya kuwa upande wa Kincaid, na kwa hila anamfanya aamini kwamba kisima cha Denton kikivunjwa kwa baruti, wafugaji watakuwa hawana tegemeo tena. Watu wa Kincaid wanakilipua. Lakini badala ya kisima kufa, mlipuko unaufungua mkondo uliokuwa chini ya ardhi, maji yanatoka kwa nguvu, kijito kilichokauka kinajaa, na bonde zima linapata maji. Kincaid anakimbia, naye anafia katika maji hayo hayo aliyokuwa akiwanyima wenziwe. Mwisho wa mambo, bonde limeokoka, na Sandy na Fay wamependana.

Fani

Picha hii haifiki hata saa moja. Kampuni iliyoitengeneza, ambayo picha zake zilitoka kwa jina la Lone Star, ilikuwa ikitoa picha za namna hii moja baada ya nyingine, kila moja ikipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo. Huo ulikuwa wakati wa msukosuko mkubwa wa uchumi nchini Marekani, na picha hizi ziliwalenga watu wa miji midogo na mashamba ambao hawakuwa na senti za kuchezea.

Mhakiki akiwa na haraka ataona umaskini huo na kuidharau kazi yote. Sisi hatukubaliani na dharau hiyo. Umaskini umeipa picha hii sifa mojawapo, nayo ni kutopoteza wakati. Msimulizi wetu wa hadithi, akisha kuitikiwa na watoto waliomzunguka, haanzi kueleza rangi ya mapazia. Anamtia sungura mashakani mara moja. Bradbury anafanya vivyo hivyo. Kabla hatujatulia katika viti vyetu tumekwisha kuona gari likitekwa, mgeni akitokea, na binti akikimbizwa. Isitoshe, mbio na maanguko ya farasi ni ya kweli. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ya hatari yumo Yakima Canutt, mmoja wa mabingwa wakubwa wa michezo ya namna hiyo katika historia ya sinema. Watazamaji wa Kibakwe walipotambua kwamba mtu yule ameanguka kwa mwili wake, si kwa hila za mashine, walimpa heshima ile ile wanayompa mtu arukaye vizuri katika ngoma ya nindo au apigaye muheme bila kuchoka. Mtazamaji anajua kazi akiiona.

Lakini zipo dosari ambazo umaskini wa fedha hauwezi kuwa udhuru wake. Wahusika wamechorwa kwa mkaa: huyu ni mweupe kabisa, yule ni mweusi kabisa. Kincaid hana mke, hana mtoto, hana hofu ya ukame. Ni mbaya kwa sababu hadithi inahitaji mtu mbaya. Sandy naye ni mwema tangu alipoingia hadi mwisho, na hata sauti ya nyimbo zake si ya mchezaji mwenyewe. Katika tukio moja maarufu anatembea barabarani akiimba, akimwendea mwuaji wa kukodiwa. Badala ya kumwua anampiga risasi za mikononi ili asiweze tena kuchomoa bastola. Tunakiri kwamba tukio hilo lina uzuri wake, na kwamba mtungaji amejitahidi kuonyesha huruma. Hata hivyo ni huruma ya mtu ambaye hakosei shabaha kamwe. Katika maisha, risasi iliyokusudiwa mkono huingia kifuani.

Tena liko jambo moja ambalo wafugaji waliokuwapo hawakulikosa. Katika picha hii inayohusu mifugo, farasi wako kila mahali, lakini ng'ombe wanatajwa zaidi kuliko wanavyoonekana. Maji yanagombewa kama vile hati ya benki inavyogombewa. Mnyama mwenye kiu, ambaye ndiye chanzo cha ugomvi wote, amesahauliwa.

Maudhui

Tukianza na ukweli uliomo, hapana shaka kwamba picha hii imeshika jambo zito. Inatuambia kwamba anayemiliki maji katika nchi kavu anawamiliki watu, hata kama hajawafunga minyororo. Kincaid hahitaji kumpiga mtu. Inatosha kupandisha bei. Huo ni unyonyaji ulioelezwa kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Inatuambia pia kwamba maji ya chini ya ardhi hayajui mipaka ya nyua zetu. Kisima cha Denton na kijito cha bonde vilikuwa kitu kimoja tangu awali, ila watu hawakujua. Laiti mtungaji angeishika hoja hiyo na kuifuata mpaka mwisho, tungekuwa na kazi kubwa.

Hakuifuata. Ameigeuza dhuluma kuwa tabia ya mtu mmoja, na hapo ndipo kosa la kwanza la maudhui lilipo. Kincaid akifa, dhuluma nayo imekufa. Lakini tujiulize: kesho yake, kijito kile kitakuwa cha nani? Nani atanywesha asubuhi na nani jioni? Mwenye ng'ombe mia atachota sawa na mwenye ng'ombe watano? Ukame ukirudi, nani atakuwa wa kwanza kupunguza? Picha haina jibu, kwa sababu haikujua kwamba kuna swali. Imetuonyesha jinsi ya kumwondoa Kincaid mmoja, wala haikutuonyesha jinsi ya kuzuia mmoja wa wafugaji wale wale asiwe Kincaid wa pili.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Wafugaji wa bonde hawafanyi lolote. Wanalalamika, wanatishika, wanaelekea kusalimu amri, kisha wanaokolewa. Hata mlipuko ulioleta maji umefanywa na watu wa adui, kwa hila ya mgeni. Katika hadithi ya maisha yao wenyewe wafugaji wale ni watazamaji, sawasawa na sisi tuliokaa mbele ya kitambaa. Ndiyo maana kijana wetu wa Kibakwe hakusema kwamba inafaa tukutane. Alisema kwamba anatakiwa mtu. Kauli yake haikutokana na ujinga. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa picha aliyoitazama.

Kosa la tatu ni la ukimya. Hadithi inaanza katikati. Kabla ya Denton na Kincaid, bonde lile lilikuwa la nani? Ardhi ya magharibi ya Marekani ilikuwa na wenyewe, mataifa ya Wahindi Wekundu, walionyang'anywa kwa vita na kwa mikataba iliyovunjwa. Sheria ya mwaka 1862 iliwagawia walowezi ekari 160 kila mmoja, kana kwamba nchi ilikuwa tupu. Na baada ya Joseph Glidden kupata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, malisho ya wazi yakaanza kukatwa vipande. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba miongoni mwa makauboi wa kweli mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Picha za miaka ile zimewafuta karibu wote.

Na ugomvi wa kweli wa wafugaji wa Marekani haukumalizika kama Sandy alivyoumaliza. Mwaka 1892, katika wilaya ya Johnson, jimbo la Wyoming, wafugaji wakubwa walikodi watu wenye bunduki kutoka Texas ili wawaangamize wafugaji wadogo waliowaita wezi wa mifugo. Waliwaua Nate Champion na mwenzake Nick Ray. Wananchi wa wilaya walipokusanyika kwa silaha na kuwazingira wavamizi hao, jeshi la serikali lilifika, na kufika kwake kuliwaokoa wavamizi. Hakuna aliyehukumiwa. Ukiiweka historia hiyo kando ya picha yetu, utaona kwamba mjumbe mwema wa kutoka Washington alikuwa ndoto ya watu waliotamani apatikane.

Ili tusionekane kuwa tunaidai picha ndogo mambo makubwa kupita kiasi, tuilinganishe na picha nyingine yenye suala lile lile na fedha nyingi. The Big Country ilitolewa mwaka 1958 na kuongozwa na William Wyler. Humo koo mbili za wafugaji, Terrill na Hannassey, zinachukiana kwa miaka, na baina yao kuna ardhi yenye maji ambayo kila upande unaihitaji. Mwenye ardhi hiyo ni mwalimu wa shule, Julie Maragon, ambaye anaruhusu pande zote mbili kunywesha. Mgeni James McKay, aliyechezwa na Gregory Peck, anakataa kupigana mbele ya watu ili kuthibitisha uanaume wake. Anainunua ardhi ile na kuahidi kwamba maji yatabaki wazi kwa wote. Hata hivyo wazee wawili, wakuu wa koo zile, wanakutana korongoni na kuuana.

Hapa kuna hatua ya mbele. Wyler anajua kwamba chuki ikikaa muda mrefu huacha kuhitaji sababu, na kwamba maji peke yake hayatoshi kuizima. Anajua pia kwamba mtu mwenye nguvu anaweza kuwa yule anayekataa kuchomoa silaha. Lakini angalia tena ni nani aliyepata ufumbuzi: ni mgeni tajiri. Bastola ya Sandy imebadilishwa kuwa mkoba wa fedha wa McKay. Mwalimu Julie, aliyeyalinda maji yale kwa haki kabla mgeni hajafika, amewekwa pembeni ili apendwe. Kwa maoni yetu yeye ndiye aliyestahili kuwa mhusika mkuu.

Ugogo na Somo la Maji

Sasa turudi nyumbani. Je, sisi hatuna mapokeo ya kuliangalia suala hili ila kwa macho ya kauboi? Tunayo, wala si lazima tuyapambe ili yapendeze.

Wagogo ni wakulima na wafugaji kwa wakati mmoja, nao wameishi na ukame kwa karne nyingi. Mtemi wao wa jadi alitegemewa kwa mambo ya mvua na rutuba ya nchi zaidi kuliko kwa vita. Wakati wa kiangazi watu huchimba visima katika mchanga wa makorongo, na kazi ya kuchimba ndiyo inayoanzisha haki ya kunywesha. Lakini desturi iliyo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni ile ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye mifugo mingi haiweki yote katika zizi moja, bali humpa ndugu, shemeji au rafiki sehemu yake aitunze. Mtunzaji hunywa maziwa na kupata mbolea, na mwenye mali hubaki na haki ya mali. Wataalamu wameeleza faida yake ya kiuchumi: ugonjwa au ukame ukipiga sehemu moja, mali nyingine imesalia kwingine. Sisi tunaongeza faida ya pili. Mtu mwenye ng'ombe katika maboma kumi ana sababu kumi za kutolichoma moto shamba la jirani. Kincaid asingeweza kuota mizizi katika jamii ya namna hiyo kwa urahisi, maana maslahi yake yangekuwa yamelala katika mazizi ya watu anaotaka kuwanyima maji.

Hatusemi kwamba mapokeo hayo yalitosha kwa kila balaa. Njaa iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliivunja Ugogo, kwa sababu majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na nguvu za watu. Kisha mwaka 1947, huko Kongwa, Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga, wakafyeka pori kwa mitambo bila kusikiliza ardhi wala mvua inasema nini. Mwaka 1951 mpango huo ukaachwa baada ya kula mamilioni ya paundi. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya taifa. Mgeni aliyekuja na majibu kabla ya kuuliza maswali tumekwisha kumwona, na alikuja na matrekta, siyo farasi. Kwa upande mwingine, kazi ya utulivu iliyofanywa Mpwapwa ya kuchanganya damu za ng'ombe wa kienyeji na wa nje, mpaka akapatikana ng'ombe aitwaye kwa jina la Mpwapwa, ilichukua miaka mingi na haikuwa na stelingi hata mmoja.

Hatuna haki pia ya kujidai kwamba damu haimwagiki kwetu. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, wilaya inayopakana na Mpwapwa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Waliouawa hawakuwa wachezaji wa sinema. Hapakuwa na muziki, wala mtu aliyelenga mikono badala ya kifua. Kila mwenye kutamani mtu wa kuyamaliza maneno kwa siku moja na aikumbuke idadi hiyo, maana pale Rudewa Mbuyuni kulikuwa na watu walioamua kuyamaliza kwa siku moja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Baadhi ya watu hulitumia neno hili kana kwamba mgeni ni mwokozi. Lakini methali hiyo ilizaliwa katika nyumba ambamo mgeni akifika kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata mnofu. Mwenyeji anapona kwa sababu ya ukarimu wake mwenyewe. Kuku ni wake, chungu ni chake, moto ameuwasha yeye. Methali na picha ya kauboi zote zina mgeni, ila katika methali mwenye nyumba hajaacha kuwa mwenye nyumba.

Picha Zetu Wenyewe

Ipo hoja moja ambayo lazima tuijibu kwa uaminifu. Mtu atasema: ikiwa picha hizi zina kasoro, mbona hamkutengeneza zenu? Tulijaribu. Tangu mwaka 1952, Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alicheza katika picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, Taasisi ya Picha na Sauti ikafuata mwaka 1974, na katika miaka hiyo ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, iliyoshughulikia maisha ya ujamaa vijijini. Picha hizo zilikuwa na jambo ambalo Riders of Destiny haina: zilijua kwamba kijiji kina watu wengi wenye akili.

Hata hivyo tukubali kwamba nia njema haimshiki mtazamaji kitini. Picha yetu ikisimama kuhubiri, mtoto anatoka kwenda kumwangalia farasi wa Bradbury. John Wayne huyo huyo, alipokwisha kuwa maarufu duniani, alifika Tanganyika kupiga picha ya Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962. Nyanda zetu zinaonekana humo vizuri sana, na wanyama wetu pia. Wenyeji wamebaki nyuma ya tukio. Hatuwezi kumlaumu mgeni kwa kutotusimulia hadithi yetu. Tunaloweza kujilaumu ni kwamba ugomvi wa kisima, wenye hofu, hila, mapenzi, ukaidi wa wazee na mtoto anayechunga usiku, ni mchezo mzima uliokaa mlangoni petu ukimsubiri mtungaji. Kikao cha watu arobaini, kila mmoja na ng'ombe wake akilini na dola kavu mbele yake, kinaweza kutia wasiwasi kuliko bastola mbili barabarani. Linahitaji kipaji, wala halihitaji fedha nyingi. Picha ya 1933 imetufundisha hilo angalau.

Wajibu wa Mwalimu

Kwa kuwa insha hizi husomwa na walimu na wanafunzi wa sekondari, tunapenda kumaliza kwa mapendekezo ambayo yanaweza kufanyika darasani.

Kwanza, msiwakataze vijana kutazama picha za kauboi. Wakoloni walijaribu kuwakataza na hawakufaulu, na kitu kilichokatazwa huongezeka utamu. Wafundisheni kuzihoji: nani anatenda, nani anatendewa, nani hayumo kabisa, na hadithi imeanzia wapi.

Pili, waambieni waandike upya mwisho wa Riders of Destiny. Sandy asiwepo. Wafugaji wakutane nyumbani kwa Denton, na Kincaid aitwe aje ajieleze. Kila mwanafunzi apewe mtu mmoja wa kumsemea, na mmoja wao asemee ng'ombe. Tulipolifanya zoezi hili, jambo gumu kuliko yote lilikuwa kumsemea Kincaid. Mwanafunzi aliyepewa kazi hiyo alianza kwa kucheka, kisha akakaa kimya kwa muda, kwa kuwa aligundua kwamba Kincaid naye anaogopa ukame.

Tatu, wasome sheria zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji madaraka juu ya ardhi yake na chombo cha kusuluhisha migogoro. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayahesabu maji kuwa mali ya umma. Sheria peke yake haichoti maji, na yako mengi yanayoharibika kati ya karatasi na kisima. Lakini mwanafunzi anayejua kwamba maji si mali ya Kincaid wala ya Denton ameanza mahali pazuri kuliko pale picha ilipoishia.

Tulimwambia hayo yote yule kijana aliyetaka aje mtu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akatuuliza kama mkutano wenyewe ukiitishwa, wafugaji watakuja. Tulimjibu kwamba hatujui, na kwamba swali hilo aende akaliulize kwa jirani yake wa darasani, ambaye baba yake anafuga. Wanakaa dawati moja.